Nilisoma nusu ya aya, mama akanimalizia

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 39, mwalimu wa sekondari mkoani Tanga, nina mke na watoto wawili. Marehemu baba yangu alikuwa Mwanglikana wa upande wa Magila, na mama ni Mwislamu wa Pangani. Walioana bomani na kila mmoja akabaki na dini yake, jambo ambalo ndugu wa pande zote mbili walilinung'unikia kwa miaka michache kisha wakalizoea. Mimi nilibatizwa nikiwa mchanga. Baba alipofariki nikiwa na miaka saba, mama alirudi kwa kaka yake, na mjomba, ambaye ni mwalimu wa chuo cha Kurani, akanilea pamoja na wanawe. Hakunilazimisha kusilimu. Alisema tu kwamba mtoto hawezi kukaa barazani akiwatazama wenzake wakisoma, basi nami nikakaa kwenye mkeka, nikaanza na alifu, nikahitimu Juzuu ya Amma, ile sehemu ya mwisho ya Kurani, na kuendelea mpaka nilipokwenda sekondari ya bweni. Huko ndiko nilikorudi kanisani kwa hiari yangu na kupata kipaimara. Naomba ujue kwamba imani yangu si ya kurithi, na sijaandika kwa sababu nataka kuiacha.

Miaka mitatu iliyopita nilihamia kanisa analosali mke wangu. Mchungaji alipogundua kwamba ninaweza kusoma Kurani kwa Kiarabu, alisema Mungu alikuwa ameniandaa tangu utotoni kwa kazi maalumu, akaniingiza katika kikundi kinachoendesha mihadhara ya mlinganisho wa dini. Nilipewa daftari lenye aya zilizokwisha kuchaguliwa, na kando ya kila aya imeandikwa mahali pa kuanzia na mahali pa kukomea.

Mhadhara wangu wa kwanza ulifanyika Agosti, uwanjani, si mbali na nyumbani kwangu. Kulikuwa na spika mbili kubwa za kukodi, meza mbili za plastiki, na kijana wa kushika saa mwenye filimbi. Wahadhiri wa Kiislamu walikuja na Biblia zilizojaa vikaratasi vya alama kuliko zetu. Zamu yangu ilipofika nilisoma Sura ya 4, aya ya 171, kwamba Masihi Isa mwana wa Mariamu ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, na Neno lake alilompelekea Mariamu, na roho itokayo kwake. Nikakomea hapo, kama daftari lilivyoelekeza. Watu wetu walishangilia hata nikaona aibu kidogo, lakini kwa kweli nilifurahi.

Kisha kijana mmoja wa upande wa pili akaniomba nifungue Marko 16 na kusoma kuanzia mstari wa 9. Katika Biblia niliyokuwa nayo, mistari hiyo hadi wa 20 imefungwa ndani ya mabano. Akaniuliza kwa adabu kabisa: "Mwalimu, mabano hayo ameyaweka nani, Mungu au watu?" Sikuwa na jibu. Nilisimama na kipaza sauti mkononi mpaka filimbi ikalia.

Mama anaishi nasi, na sauti ya spika zile ilifika mpaka uani kwake. Asubuhi yake nilimkuta akigeuza vitumbua. Bila kuinua macho aliisoma aya ile ile, kuanzia pale nilipoachia, kwa Kiarabu, na kwa mahadhi yale ya mjomba: basi muaminini Mwenyezi Mungu na Mitume wake, wala msiseme "watatu", komeni, ni bora kwenu. Akaendelea mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Mjomba wako ndivyo alivyokufundisha, kuishia pale?" Hakuongeza neno. Mpaka leo ananisalimu na kunipakulia kama kawaida, lakini jambo moja limekoma. Kila Jumapili nikirudi ibadani alikuwa akiniuliza, "Leo mchungaji kasema nini?" Tangu siku ile haulizi tena. Naye mjomba ameniletea ujumbe kwamba mtoto waliyemfundisha alifu sasa anawapiga kwa alifu hiyo hiyo.

Mhadhara mwingine utakuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, nami nimepangwa kuwa msemaji mkuu. Nilipomwambia mchungaji kwamba moyo unasita, alinisomea Mathayo 10:37, kwamba ampendaye baba au mama kuliko Kristo hamstahili, akasema kujitoa ni kuionea haya Injili, tena kama ninampenda mama yangu kweli nitawezaje kunyamaza apotee? Sijamwambia mtu yeyote kuhusu yale mabano, lakini usiku yananirudia. Je, nikisimama tena namdhulumu mama, au nikikaa namkana Bwana?

Ni mimi, Mwalimu wa Tanga.

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Niruhusu kwanza nieleze ninavyoielewa barua yako, ili kama nimekosea uone nilipokosea. Umeuliza swali moja, la kuchagua kati ya mama na Bwana, lakini ndani yake naona mambo matatu yaliyofungwa katika kifurushi kimoja: ukimya wa mama yako, neno la mchungaji wako, na mabano ya Marko. Inawezekana yamekulemea hivi kwa sababu umeyabeba yote kwa pamoja, na la tatu umelibeba peke yako. Mimi ni Mkristo, nilifundisha elimu ya dini shuleni kwa miaka mingi, na sitajifanya kwamba sina upande. Hata hivyo sioni kwamba upande wangu unanipa haki ya kukuamulia.

Nianze na mama. Unaandika kana kwamba ulimuumiza kwa kumhubiri Kristo hadharani. Je, una hakika? Huyu ni mwanamke aliyeishi na mume Mkristo, akakubali mwanawe abatizwe, na kwa miaka mitatu amekuwa akikuuliza kila Jumapili mchungaji amesema nini. Jina la Yesu si geni nyumbani mwake. Swali lake pale jikoni, kama ulivyolinukuu, halikuhusu ulichoamini bali mahali ulipokomea. Wewe uliyekaa mkekani unajua kwamba msahafu una alama za kituo, na kwamba mwanafunzi hufundishwa mapema asivute pumzi mahali ambapo maana itavunjika. Mfano unaotajwa mara nyingi umo katika sura hiyo hiyo ya 4, aya ya 43: mtu akisoma "msiikaribie sala" akanyamaza, amewakataza watu kusali, ilhali aya inasema wasiikaribie wakiwa wamelewa. Nasi tuna mfano wetu. Zaburi ya 14 ina maneno "Hakuna Mungu", na anayesoma maneno hayo peke yake amemwachia mpumbavu wa zaburi hiyo kiti cha mtunzi.

Aya ya 171 inamwita Isa Neno, kisha papo hapo inakataza kusema watatu, tena inakanusha kwamba Mungu ana mwana. Wafasiri wa Kiislamu hulieleza jina hilo kwa amri "Kuwa", ambayo kwayo Isa aliumbwa bila baba, na huirejelea Sura ya 3:59 inayomfananisha na Adamu. Yohana anapoandika "naye Neno alikuwa Mungu" anasema jambo jingine kabisa. Mkristo ana haki ya kusimama mbele ya neno hilo moja linalopatikana katika vitabu vyote viwili na kushangaa, hata kumuuliza Mwislamu analielewaje. Lakini kuikata aya ili ishuhudie kile ambacho yenyewe inakikana ni tendo la namna nyingine, na nadhani wewe ulilijua hilo kabla mama hajafungua kinywa, kwa maana umeniandikia kwa uangalifu mkubwa kwamba daftari ndilo lililoelekeza.

Wahadhiri wa upande wa pili nao wana nusu zao. Watakusomea Yohana 14:28, "Baba ni mkuu kuliko mimi", wasifike Yohana 20:28 ambako Tomaso anamwambia Yesu "Bwana wangu na Mungu wangu". Watasema Msaidizi wa Yohana 14:16 ni Mtume Muhammad, wauruke mstari unaofuata, unaomtaja kuwa Roho wa kweli, tena anayekaa ndani ya wanafunzi. Watachukua "ndugu zao" wa Kumbukumbu la Torati 18:18 na kusema ni wana wa Ishmaeli, bila kurudi nyuma sura moja tu, 17:15, ambapo neno hilo hilo "ndugu" linamhusu Mwisraeli. Nisingependa hayo yakufariji, kwa sababu kosa la jirani halijazi pengo la daftari lako. Nimeyataja ili uone mchezo wenyewe ulivyo: kila upande hupewa dakika chache na filimbi, na katika dakika chache aya nzima ni ndefu mno.

Sasa yale mabano. Kijana yule alikuuliza swali zuri, na ni huzuni kwamba kanisa lilikupeleka uwanjani bila kukueleza. Mabano yamewekwa na watu, yaani watafsiri, nao waliyaweka kwa uaminifu. Nakala mbili kongwe kabisa zilizo na Injili ya Marko nzima, zote za karne ya 4, moja iliyotunzwa kwenye monasteri ya Sinai na nyingine iliyo katika maktaba ya Vatikani, zinaishia mstari wa 8, pale wanawake wanapokimbia kutoka kaburini wasimwambie mtu neno, "maana waliogopa". Nakala nyingi za baadaye zina mistari mingine 12. Watafsiri hawakutaka kuificha mistari hiyo wala kuificha tofauti hiyo, basi wakaifunga kwa alama. Ufufuko haukuning'inizwa kwenye mistari hiyo: mstari wa 6, ulio nje ya mabano, unasema "amefufuka", na Paulo aliwaandikia Wakorintho orodha ya waliomwona Bwana, katika sura ya 15 ya waraka wa kwanza, ambao wataalamu wengi wanasema uliandikwa kabla ya Injili ya Marko.

Lakini nashuku kwamba maelezo hayo peke yake hayatakupa usingizi, kwa sababu chini ya swali la yule kijana kuna swali jingine ambalo mihadhara hailigusi. Mwislamu anaamini kwamba Kurani iliteremshwa neno kwa neno, na kwamba Muhammad aliipokea wala hakuitunga. Wewe ulilelewa katika usomaji huo, na pengine bila kujua ulirudi kanisani ukatazamia Biblia iwe msahafu wenye majina mengine. Hebu soma jinsi Luka anavyoanza Injili yake: anasema wengine wameandika kabla yake, naye ameona vema kuandika kwa taratibu kwa kuwa amejitafutia usahihi wa mambo hayo yote tangu mwanzo. Huyo ni mtu aliyeuliza, akapima, akapanga, na kanisa linaamini kwamba Roho alifanya kazi kupitia kuuliza kwake. Kwa Mkristo, Neno lililoshuka ni Yesu mwenyewe, na vitabu vinne vinamshuhudia kwa sauti nne. Anayeweka Biblia na Kurani mezani pamoja na kuzilinganisha kurasa kwa kurasa ameanza kulinganisha vitu ambavyo wenyewe hawavioni kuwa vya aina moja. Ukikubali hilo, mabano huenda yakapungua uzito. Ukikataa, itabidi uendelee kuuliza, na hilo nalo si dhambi. Ninachokiogopa ni wewe kusimama kwenye kipaza sauti ukiwajibu wengine swali ambalo wewe mwenyewe hujathubutu kumuuliza mchungaji wako.

Juu ya mchungaji niseme kwa heshima, maana sikuwapo alipozungumza nawe na nimesikia upande mmoja tu. Mathayo 10:37 imo kweli na ni ngumu kweli. Wapo watu ambao kumfuata Kristo kuliwagharimu nyumba ya baba na mama, na ukali wa mstari huo ni chakula chao. Lakini je, mama yako amekuzuia kumfuata Kristo? Katika barua yako sioni. Bwana huyo huyo, katika Marko 7, aliwakemea watu waliokwepa wajibu wao kwa wazazi kwa kusema kwamba mali ile ni Korbani, neno ambalo Biblia ya Muungano ya 1952 inalieleza kwa neno la Kiislamu kabisa, wakfu. Na msalabani, katika Yohana 19, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi. Mistari hiyo sikupi ili ukampige nayo mchungaji, kwa kuwa hapo nasi tutakuwa tumeanza mhadhara wetu. Nauliza tu kama jina "kuionea haya Injili" linalifaa jambo linalokusumbua, au kama unachokionea haya ni lile daftari.

Kuna kisa kimoja ambacho nimekikumbuka kwa sababu yako. Katika miaka ya 1860, huko Unguja, Padri Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu na kujenga kanisa la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa, alikuwa akihangaika kutafsiri Maandiko. Sheikh Abdul Aziz alijitolea kumtafsiria Zaburi kutoka Kiarabu kwenda Kiswahili bora na safi kuliko vyote. Walifika Zaburi ya 16 wakaishia hapo, kwa kuwa sheikh alikuwa na shughuli nyingi, na Steere aliona lugha yake ni ya kisomi mno kwa waumini wa kawaida. Sheikh hakuacha Uislamu wala padri hakuacha ukasisi. Nimewaza sana juu ya Mwislamu yule aliyekuwa na ujuzi ambao Mkristo aliuhitaji, jinsi alivyouchukua akaenda kuketi naye. Hata leo ukisali kwa Kiswahili huwezi kusema imani, toba, dhambi, Injili, malaika wala sadaka bila kutumia maneno yaliyotufikia kutoka Kiarabu.

Basi ziko njia kadhaa mbele yako, na hakuna hata moja isiyo na gharama.

Unaweza kusimama Jumamosi ile na kusoma kila aya nzima, pamoja na ile ya 171, kisha useme wazi: hapa Kurani inakataa ninachokiamini, na mimi naamini kwa sababu hizi. Ingekuwa heshima kubwa kwa mjomba na kwa Petro pia, aliyetaka tujibu habari za tumaini letu "kwa upole na kwa hofu". Hatari yake ni kwamba jukwaa lile halikujengwa kwa kazi hiyo. Wenzako wanaweza kuona umewasaliti, na umati ukishapanda joto hausikilizi tena nani alisoma mpaka mwisho. Sisi Watanzania tumeyaona: Februari 1998 watu walikufa Mwembechai baada ya mvutano ulioanzia kwenye mahubiri ya namna hii, na Oktoba 2012 ubishi wa watoto juu ya msahafu huko Mbagala uliishia kwa makanisa kushambuliwa. Sisemi uwanja wenu utafika huko, lakini wewe ni mwalimu wa watoto wa dini zote mbili, na Jumatatu asubuhi wote watakuwa darasani mwako.

Unaweza kujitoa. Utapata utulivu nyumbani, ingawa nakuonya kwamba huenda usiwe utulivu wa kweli kama utajitoa huku ukisingizia ugonjwa wa mama au mitihani ya shule. Mchungaji atakuwa na la kusema, na mke wako, ambaye kanisa hilo lilikuwa lake kabla halijawa lako, atalisikia kabla yako. Sijaona katika barua yako yeye ana maoni gani. Umemtaja mara mbili tu, kwamba unaye na kwamba ulimfuata kanisani.

Unaweza pia kumwomba mchungaji akupe kazi nyingine ya ujuzi huo huo: darasa la jioni pale kanisani ambapo Wakristo watasoma jinsi Biblia ilivyotufikia, mabano yakiwemo, na jinsi Waislamu wenyewe wanavyoieleza Kurani, kwa mfano katika tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ya 1969, yenye maelezo kwa Kiswahili kitamu. Anaweza kukataa. Anaweza hata kuona hiyo ni njia ya kukwepa vita, na wewe utabidi ujiulize kama amekosea. Lakini kwa kumwendea hivyo utakuwa umemwambia habari ya mabano, na nadhani hilo linahitaji kusemwa hata kama darasa halitakuwapo.

Kuhusu wokovu wa mama, sina maneno mapana. Ni mzigo ambao Wakristo wengi wenye wazazi Waislamu wanaubeba, na wazazi Waislamu wenye watoto Wakristo wanaubeba vilevile kutoka upande wao. Huenda mama yako naye anakuombea usiku. Kama mnapendana kiasi hicho, kila mmoja akitaka mwenzake asipotee, basi mna jambo la kuzungumza ambalo halihitaji spika za kukodi.

Ningekuwa karibu nawe ningekuuliza kama umewahi kumjibu lile swali lake. Alikuuliza kama mjomba ndivyo alivyokufundisha, nawe hukuandika ulisema nini, kwa hiyo nadhani ulinyamaza. Jibu lake ni fupi, unalijua, na halikulazimishi kuacha neno lolote la imani yako. Pengine atakunyamazia. Pengine atakwambia mambo mazito juu ya ubatizo wako ambayo ameyaweka moyoni tangu siku za baba yako, na itakubidi uyasikilize mpaka mwisho. Mhadhara uko mwezi ujao na mchungaji hahitaji jibu lako leo, kwa hiyo unazo asubuhi kadhaa za vitumbua kabla ya Jumamosi ile. Utakapokuwa umezungumza naye, na mke wako pia, niandikie tena.